Uzi wa Forester turbo ya gia za mkono: SF5, SG5, SG9 na SH5, kuanzia kununua hadi kufungua na kutunza

#1 Mzunguko4444

Wakuu, maswali ya Subaru Forester turbo manyuo (gia za mkono) yametapakaa kwenye nyuzi nyingi, na majibu mengi yanachanganya gari la otomatiki na la gia za mkono kana kwamba ni kitu kimoja. Tuyakusanye hapa, na mwenye nyongeza aweke.

Naanza na utambuzi. SF, SG, SH na SJ ni kodi za vizazi vya Forester, na majina yanayoanza na EJ ni ya injini. SF5 ilitoka 1997. Turbo za mwanzo zilikuwa na EJ20G ya farasi 250, baadaye ikaja EJ205 ya 240. SG ilianza 2002: SG5 ni 2.0 yenye EJ205 ya farasi 220, na SG9 ni 2.5 yenye EJ255. Ndani ya SG9 kuna toleo la STI la farasi 265, gia sita na breki za Brembo. SH5 ilitambulishwa mwishoni mwa 2007 na EJ205 ya farasi 230, gia tano. Baada ya hapo turbo ya petroli na gia za mkono havikukutana tena kwenye Forester: SJ yenye turbo ya petroli ilikuja na CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) tu, na SJ ya petroli yenye gia sita za mkono haina turbo. Ukiuziwa SJ XT (yenye turbo) ya manyuo, jua giaboksi imebadilishwa na uulize kazi hiyo ilifanywaje.

Usiishie kutazama kijiti cha gia ndani ya gari. Fungua boneti usome bati la utambulisho. Namba ya giaboksi ikianza na TY75 ni gia tano, TY85 ni gia sita, TZ ni otomatiki. Halafu linganisha na stika iliyoko juu ya kengele ya giaboksi yenyewe, yaani sehemu pana inayoungana na injini. Bati likisema TZ huku ndani kuna pedeli tatu, gari limebadilishwa, na kuna vitu vya ziada vya kukagua ambavyo tutavifikia.

#2 NjiaYaVumbi

Mkuu asante. Swali: giaboksi ya turbo ikifa gia ya tatu, na inayopatikana ni ya Forester isiyo na turbo ya miaka hiyo hiyo, itakaa?

#3 Mzunguko4444

Bolti za kuishika kwenye injini zitakubali, na hapo ndipo watu wanapoingia hasara. Giaboksi ya mkono ya Subaru imebeba difu ya mbele ndani yake. Difu ya nyuma iko peke yake. Hizo mbili lazima zilingane, na kwa kawaida uwiano wake ni uleule. Kwenye familia hii utakutana na 4.444, 4.111 na 3.900. Ukifunga mbele 4.111 na nyuma umeacha 4.444, propela inalazimishwa kuzunguka mwendo tofauti kwa takriban asilimia 8 hata gari likienda mbele moja kwa moja. Mzigo huo wote unaishia kwenye difu ya kati. Kikombe chake cha viskasi (chenye mafuta ya silikoni) kinachemka, kinakakamaa, na kisipofa chenyewe kitavunja meno ya gia za kuhamisha nguvu kwenda nyuma.

Usikubali neno la muuzaji, hesabu mwenyewe. Difu ya nyuma: inua magurudumu yote mawili ya nyuma juu ya stendi, weka kabari mbele, gia huru, breki ya mkono imeachiwa, na fungua propela upande wa difu. Chora alama ya chaki kwenye flanji ya difu na kwenye tairi. Zungusha magurudumu yote mawili pamoja mzunguko mmoja kamili, uhesabu flanji inazunguka mara ngapi. Mara nne na kidogo ni 4.111. Mara nne na karibu nusu ni 4.444. Pungufu kidogo ya nne ni 3.900. Rudia kwa mizunguko kumi ili uondoe shaka: utapata 41 na kidogo, 44 na karibu nusu, au 39.

Njia salama kuliko zote ni kununua giaboksi na difu ya nyuma kutoka gari moja. Kama muuzaji hana difu yake, chukua namba kamili ya TY na utafute difu inayolingana nayo kabla hujafungua chochote.

#4 SahaniYaKlachi

Naongeza hapo hapo. Ya turbo na isiyo ya turbo zinaweza kutofautiana pia kwenye klachi. Familia hii ina klachi za aina mbili: ambayo beringi inasukuma vidole vya presha pleti, na ambayo beringi inavivuta. Uma, beringi, presha pleti na hata umbo la kengele havibadilishani. Ukiagiza seti ya klachi kwa mwaka wa gari tu utapata cha aina nyingine. Agiza kwa namba ya giaboksi.

Kwenye aina ya kusukuma kuna ugonjwa mmoja unaofichika. Beringi inateleza juu ya bomba fupi linalotoka kwenye uso wa giaboksi. Bomba hilo ni la aluminiamu, beringi ni ya chuma. Grisi ikikauka linalika upande mmoja, beringi inakaa upande, pedeli inakuwa na mikwaruzo na klachi inatetemeka ukiondoka. Fundi anafunga klachi mpya, na baada ya muda mfupi tatizo linarudi kwa sababu bomba halikuguswa. Giaboksi ikishuka, futa bomba hilo na upitishe ukucha. Ukihisi ngazi, lifungwe kikoti cha chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo pamoja na beringi inayolingana nacho.

Klachi ikiwa nje, kuna vitu vinne vya kufanya kwa pamoja, kwa sababu kazi ya kufika pale ni ileile:

Oili sili ya nyuma ya krenki. Kisahani kilichoko nyuma ya bloku, karibu na sili, kinachotenganisha oili na hewa. Cha plastiki hupinda na kuvuja, weka cha chuma na silikoni. Beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Na flaiwili yenyewe ipitishwe mashine au ibadilishwe kama ina madoa ya bluu na nyufa za joto. Kama gari lina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani, usiipitishe mashine. Pima mchezo wake, ukizidi unabadilisha.

Flaiwili inakazwa Nm 72. Presha pleti Nm 15.7, kwa msalaba, kidogo kidogo, siyo bolti moja hadi mwisho ndipo inayofuata. Ukikaza upande mmoja kwanza unaipinda.

#5 BoksaNne

Kuna kitu cha gari la manyuo ambacho nataka kila fundi akijue, maana kimeua injini nzima nyingi.

Gari la manyuo likiegeshwa kwenye mteremko likiwa kwenye gia, uzito wa gari unaweza kuisukuma injini irudi nyuma kidogo. Krenki ikirudi nyuma, taimingi belti inalegea upande ambao kwa kawaida unakazwa, na inaweza kuruka meno. Ndiyo maana Subaru iliweka vibati vya kuongoza belti kwenye magari ya gia za mkono, kimojawapo pale kwenye puli ya krenki. Injini iliyotoka kwenye otomatiki haina vibati hivyo. Umbali kati ya kibati na mgongo wa belti ni mm 1.0, ukikubali nusu milimita juu au chini. Kikigusa kinakula belti, kikiwa mbali hakina kazi.

Sasa fundi anafungua kubadilisha belti, anaona kibati, anakitupa kwa sababu gari la jana lilikuwa otomatiki na halikuwa nacho. EJ hizi za DOHC (kemshafti mbili kila hedi) valvu zake zinagonga pistoni belti ikiruka vya kutosha. Hakuna onyo.

Kwa hiyo: mliobadilisha otomatiki kuwa manyuo, na mnaonunua gari lenye bati la TZ, fungueni kava la katikati la taimingi mwangalie.

#6 NjiaYaVumbi

Hebu mkuu endelea na belti yenyewe. Kuna mtu aliuliza alama ipi ya krenki inafuatwa, akajibiwa mshale.

#7 BoksaNne

Mshale si wenyewe. Kwenye puli ya meno ya krenki kuna mshale unaoonekana kwa mbele, na kuna kijikata kidogo kwenye ukingo wa nyuma, kwenye lile bati la meno linalosomwa na sensa. Unalinganisha kijikata cha nyuma na alama iliyoko kwenye bloku juu yake. Ukifuata mshale, belti inakaa vibaya kabisa.

Krenki ikiwa kwenye kijikata hicho, pistoni zote nne ziko katikati ya silinda, hivyo valvu haziwezi kuzigonga. Lakini upande wa kushoto wa DOHC bado una hatari: kemshafti za upande huo ziko chini ya nguvu ya springi, na puli ikichomoka mkononi, valvu za kuingiza na za kutoa zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe. Ishike kwa kishikio chake au kwa spana, izungushe taratibu, na usiiache peke yake.

Tenshona ya haidroliki usiibane kwa haraka. Iweke wima kwenye presi au vaisi, isukume taratibu kwa zaidi ya dakika tatu, kisha pachika pini ya mm 2. Ukiibana kwa nguvu na haraka unapasua sili ya ndani, na baada ya muda utasikia belti inapiga makofi injini ikiwa baridi.

Muda wa kubadilisha ni km 100,000. Gari lililonunuliwa bila kumbukumbu, badilisha mara moja: belti, tenshona, puli zote za kupitishia ikiwemo yenye meno, na wota pampu. Belti mara nyingi inatolewa lawama wakati kilichokwama ni beringi ya puli. Ukimaliza, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kugusa stata. Ikigoma popote, simama.

#8 KijitiChaOili

Wakuu, turbo yenyewe haijaguswa bado. Turbo za EJ hazifi kwa uzee tu, nyingi zinakufa kwa kiu ya oili.

Kwenye EJ zenye AVCS (mfumo wa kubadili taimingi ya valvu), njia ya oili kwenda kwenye turbo inatoka nyuma ya silinda hedi ya kulia. Bolti yenye tundu inayoshika bomba hilo ina kichujio kidogo cha wavu ndani. Oili ikikaa hadi iwe nzito na chafu, wavu unajaa masizi, turbo inakosa oili, shafti inakula beringi zake. Kisha unaona moshi wa bluu, unasikia mlio mkali unaopanda na mzunguko wa injini, na baadaye chembe za shaba na chuma zinarudi ndani ya injini hadi kwenye beringi za krenki. Anayebadilisha turbo bila kukagua wavu na bomba lake anaiua turbo ya pili kwa sababu ileile.

Utaratibu wangu ni huu: oili ya sintetiki 5W-30 au 5W-40, kila km 5,000, pamoja na filta. Ni takriban lita 4. Usimimine kwa kukariri, mimina lita 3.5, washa kidogo, zima, subiri, pima, ongeza. Pima kila unapojaza petroli mara mbili, gari likiwa mahali tambarare. Injini hii ya kulala inateseka haraka oili ikipungua, na kijiti chake ni kigumu kusoma, kwa hiyo kisome pande zote mbili na uamini upande ulio chini.

Kupima turbo bila kuishusha: toa hozi ya hewa inayoingia, shika nati ya shafti kwa vidole. Mchezo mdogo sana wa kushoto na kulia ni wa kawaida kwa sababu shafti inaelea kwenye oili. Mchezo wa kuingia na kutoka haukubaliki. Angalia pia ncha za mapanga: zikiwa zimekwaruzwa au nyumba yake ina mistari inayong'aa, imeshagusa.

Na oili kidogo ndani ya bomba la intakula isikutishe. Mvuke wa injini unapita hapo. Ukikuta imekaa kama dimbwi, hapo tafuta.

#9 TairiNne

Vipi taima ya turbo, kile kifaa kinachoiacha injini iwake kidogo baada ya kutoa ufunguo? Kuna wanaosema bila hiyo turbo haidumu.

#10 KijitiChaOili

Turbo hizi zinapozwa na maji pia. Ukizima injini, maji ya moto yanapanda yenyewe kwenda kwenye tangi dogo lililoko juu ya injini, na yaliyopoa yanashuka. Mfumo uliwekwa kwa kazi hiyo. Kinachotosha ni kuendesha taratibu kilomita moja au mbili za mwisho. Ukitoka kupanda mlima kwa kasi na kusimama papo hapo, iache ikiwaka dakika moja. Sioni haja ya taima.

Ila tangi hilo lina jambo lake. Gari lina mifuniko miwili, mmoja kwenye tangi dogo na mwingine kwenye rejeta, na haifanani. Kazi ya kuachia presha ni ya mfuniko wa tangi dogo. Ikibadilishana, maji yanatoka mapema, hewa inaingia, sindano ya joto inapanda, na fundi anaanza kulaumu hedi gasketi. Kulanti ijazwe polepole kupitia tangi dogo, na skrubu ya kutolea hewa juu ya rejeta ikiwa imefunguliwa hadi maji yatoke bila mapovu.

#11 Mzunguko4444

Hapo kwenye hedi gasketi nikazie kidogo. Sifa mbaya ya gasketi ilitokana zaidi na EJ25 zisizo na turbo za SOHC (kemshafti moja kila hedi). Turbo zina gasketi ya tabaka za chuma na zinavumilia zaidi. Ukiona mapovu yanayoendelea kwenye chupa ya akiba huku injini imeshapata moto, basi ndiyo, pima gesi ya ekzozi ndani ya kulanti.

Kinachoua EJ255 zaidi ni pistoni. Kingo kati ya ringi na ringi zinapasuka injini ikigonga, yaani petroli inapolipuka kabla ya wakati wake. Chanzo mara nyingi ni petroli ya okteni ndogo, au mtu kafunga filta ya koni. Sensa ya hewa ilipimwa ikiwa ndani ya boksi lake la asili. Ukibadilisha bomba, inasoma hewa pungufu, kompyuta inatoa petroli kidogo, joto linapanda. Matoleo ya soko la Japani yalipangwa kwa petroli ya okteni kubwa, kwa hiyo weka kubwa kuliko zote unayoipata, na 95 iwe ndiyo chini kabisa.

Vilevile valvu ya kuachia presha. Ya asili inarudisha hewa kwenye bomba la kuingilia. Ukifunga ya kupuliza nje kwa ajili ya mlio, hewa iliyokwisha hesabiwa na sensa inatoka, petroli yake inabaki, injini inakwama kidogo kila unapobadili gia na plagi zinakuwa nyeusi. Kwenye manyuo unaisikia zaidi kwa sababu unafunga throto kila gia.

Kabla ya kununua, kompresheni peke yake haitoshi. Dai kipimo cha kuvuja: silinda inajazwa hewa ya presha na unasikiliza inatokea wapi. Ikitoka kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au kingo za pistoni. Ekzozi, ni valvu ya kutoa. Mapovu kwenye tangi la maji, ni gasketi.

#12 TairiNne

Na mimi niweke ya matairi basi, maana ndiyo jina langu.

Manyuo ya gia tano ina difu ya kati inayogawa nguvu nusu kwa nusu mbele na nyuma, na kikombe cha viskasi chenye mafuta ya silikoni kinachokaza pale ekseli moja inapoteleza. Kikombe hicho hakijui kama ekseli inateleza kwenye tope au tairi ni dogo. Mizingo ya matairi manne isitofautiane zaidi ya mm 6. Pima kwa utepe wa fundi cherehani kuzunguka katikati ya tairi, upepo ukiwa sawa. Tairi moja likipasuka wakati mengine yameshalika nusu, utanunua manne, au utatafuta lililotumika lenye kina sawa. Zungusha nafasi zake kila km 10,000.

Kujua kama kikombe kimekwama: endesha dakika ishirini kipate moto, tafuta sakafu kavu tambarare, kata usukani hadi mwisho, gia ya kwanza, achia klachi bila kukanyaga mafuta. Gari lenye kikombe kizima litasogea taratibu. Lililokwama litarukaruka au kusimama kama limeshikwa breki. Pima likiwa la moto, likiwa baridi linaweza kukudanganya.

#13 NjiaYaVumbi

Oili ya giaboksi je? Wengine wanasema ya daraja la GL-4 inatunza sinkro (pete zinazolainisha kuingia kwa gia).

#14 SahaniYaKlachi

Kumbuka alichosema Mzunguko: difu ya mbele iko humo humo. Meno ya difu yanahitaji GL-5. Weka 75W-90 GL-5 iliyoandikwa wazi kuwa inafaa giaboksi zenye sinkro. Gia tano inachukua lita 3.5, difu ya nyuma lita 0.8. Mimina kupitia tundu la kijiti cha giaboksi kwa mpira mrefu na faneli. Legeza kwanza pa kumiminia ndipo umwage. Kwenye difu ya nyuma hasa, boliti ya juu ikigoma baada ya kumwaga ya chini, gari halitoki hapo. Sumaku ya boliti ikija na unga laini wa kijivu ni sawa. Vipande vyenye kona ni meno.

Gia tano inavumilia uendeshaji wa kawaida miaka mingi, haivumilii kishindo. Kupandisha mzunguko na kuachia klachi ghafla magurudumu manne yakiwa na mshiko kunamega gia ya tatu au ya pili, kwa sababu hakuna tairi linaloteleza kupunguza pigo. Na usikanyage mafuta hadi chini gia ya tano mzunguko ukiwa 1,500. Turbo inasukuma, injini haina mwendo, joto linapanda kwenye pistoni. Shusha gia.

#15 BoksaNne

Kwa wanaobadilisha kutoka otomatiki, ya kutosahau zaidi ya vibati: bolti za flaiwili si zile za bati la otomatiki, urefu tofauti. Propela na daraja la kushikia giaboksi ni vya manyuo. Swichi ya gia huru na ya taa za kurudi nyuma viunganishwe. Kompyuta ya injini iwe ya manyuo, na immobilaiza yake (kinga ya wizi) ishughulikiwe kabla ya kuanza kazi, siyo gari likiwa limeshafungwa na haliwaki.

#16 TairiNne

Na nyuma ya gari? SG nyingi zimekaa chini kama zimebeba mizigo.

#17 Mzunguko4444

Hizo zina shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe. Zikifa, gari linalala. Ukiweka shokapu za kawaida lazima ubadilishe na springi, kwa kuwa springi za mfumo huo ni laini na zilitegemea shokapu zibebe sehemu ya uzito. Shokapu mpya na springi za zamani, gari litabaki pale pale chini.

Wakati umefungua nyuma, zungusha gurudumu kwa mkono huku mwingine umeshika springi. Beringi za nyuma za SF na SG huanza kuvuma mapema, na mtetemo utausikia kwenye springi kabla haujausikia ndani ya gari. Kwa SF na SG beringi inaingia kwa presi, kwa hiyo ushike na sili zake zote kabla ya kuanza.